Pilau ya watu kumi nyumbani, na mtoko wa nyama choma: mwongozo kamili wa chakula cha usiku na ndugu na marafiki

Kipimo changu cha chakula cha usiku kilichofana ni kimoja: je, aliyepika alikaa chini akala na wageni wake? Katika nyumba nyingi jibu ni hapana. Mwenyeji anashinda jikoni toka asubuhi, anawapokea watu mwiko ukiwa mkononi, wakianza kula yeye anakimbilia juisi, na akija kukaa wenzake wanatafuta viatu. Wageni wamekula vizuri, ila yeye hakupata hata robo saa ya maongezi aliyoyaitia watu.

Dawa yake ni kupanga saa kuliko kuongeza vyakula. Hapa chini naeleza jioni moja nzima: watu kumi, siku ya Jumamosi, chakula saa 2 usiku, pilau ya nyama ya ng'ombe. Kisha naeleza mtoko, maana nao una mipango yake, na mara nyingi unaharibika kwa mambo mawili tu: kuchelewa kuagiza na kutoelewana kuhusu bili.

Kualika

Alika siku nne au tano kabla. Vijana wenzako unaweza kuwaandikia kwenye kundi la WhatsApp, lakini mama mkwe, baba mkubwa au shangazi anapigiwa simu, unamwamkia, unamjulia hali, ndipo unamkaribisha. Akikuta jina lake tu kwenye kundi atakuja, lakini hatakuja kwa moyo ule ule.

Katika mazungumzo hayo uliza mambo mawili. La kwanza, mnakuja wangapi, maana "mimi na familia" inaweza kuwa watatu au saba. La pili, nani hali nini. Kuna ndugu Wakatoliki wasiokula nyama Ijumaa za Kwaresima, Wasabato wasiogusa samaki wasio na magamba, mwenye mzio wa karanga au kamba, na siku hizi wako wengi walioacha nyama nyekundu kwa ushauri wa daktari. Kama Waislamu watakuwepo, nunua nyama kwenye bucha ambayo kila mtu anaiamini kuwa ni halali, uwaambie mapema umenunua wapi. Hapo hakuna atakayeminya tonge mezani huku akijiuliza.

Kisha waambie wafike saa 1 na nusu. Watachelewa, na ndiyo sababu nachagua pilau. Pilau inasubiri. Ukishaifunika na makaa juu, nusu saa zaidi haiidhuru. Chapati hukakamaa na samaki wa kukaanga hulegea, kwa hiyo hivyo vipikie siku ambayo walaji wako tayari ndani ya nyumba.

Menyu ya vitu vinne, basi

Pilau, kachumbari, mchicha wa nazi na matunda, na kinywaji kiwe juisi ya ukwaju. Mchicha si pambo. Ndio chakula cha asiyekula nyama, akipikiwa na wali mweupe kidogo kwenye sufuria ndogo, na ndio unaomwezesha bibi mwenye kisukari kujaza nusu ya sahani kabla ya kufika kwenye wali. Usiongeze tambi, sambusa na kuku kwa hofu ya kuonekana mchoyo. Kila chungu kinachoongezeka kinakula muda wako wa kukaa na watu.

Wifi au rafiki akiuliza alete nini, usimjibu "njoo tu". Mpe kazi iliyo wazi: nanasi mbili, au tikiti. Mtu aliyechangia chakula hukaa kwa raha zaidi.

Sokoni

Kwa watu kumi, mchele kilo 1 na nusu unatosha na unabaki kidogo. Mimi napenda mchele wa Kyela kwa harufu yake, lakini muulize muuzaji kama ni mpya au wa zamani. Mchele mpya hunywa maji kidogo na hushikana upesi ukikosea kipimo, wa zamani hunywa zaidi na kuchambuka vizuri. Nyama iwe kilo 1 na nusu hadi 2, yenye mifupa kiasi, kwa sababu ladha ya pilau inatoka kwenye supu. Steki tupu inatoa supu nyepesi.

Vitunguu maji vikubwa vya pilau viwe sita, vitunguu saumu vichwa viwili, tangawizi kipande cha urefu wa kidole, na viazi mviringo kumi vya wastani ili kila mtu apate chake. Viungo: bizari nzima nyembamba vijiko viwili vya chakula, pilipili manga kijiko kimoja cha chai, mdalasini vijiti vinne, iliki kumi, karafuu nane. Nunua viungo vizima, vya kutwangwa uvitwange mwenyewe. Vile vilivyosagwa na kukaa dukani miezi harufu yake imeshapotea, na vingine vina unga uliochanganywa kuongeza uzito. Kwa kachumbari chukua nyanya nane ngumu, vitunguu vinne, pilipili mbuzi moja na ndimu tatu. Kwa mboga chukua mafungu manne ya mchicha na nazi mbili. Ukwaju nusu kilo unatoa lita nne hadi tano za juisi.

Ukirudi, kagua gesi. Mimina maji ya moto kiasi ubavuni mwa mtungi kisha pitisha kiganja toka juu kushuka chini. Mahali panapogeuka baridi ndipo gesi ilipoishia. Mtungi wa kilo 6 uliobaki kidogo hautamaliza kazi hii, kwa hiyo weka mkaa karibu. Jiko la mkaa lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa hata kama mvua inanyesha, maana hewa yake haina harufu na inaua.

Ijumaa usiku: kazi inayookoa Jumamosi

Kata nyama vipande vikubwa kidogo, kwa sababu itanywea. Iweke na chumvi, nusu ya saumu na tangawizi iliyotwangwa, na maji kama lita tatu na nusu. Ichemke kwa moto wa wastani, ukitoa povu, mpaka ilainike bila kuachana na mfupa. Kwa ng'ombe ni kama saa moja na nusu. Ipoze haraka kwa kukalisha sufuria ndani ya beseni la maji baridi, kisha tia kwenye friji nyama na supu pamoja. Asubuhi utakuta mafuta yameganda juu, unaondoa unayoyataka. Asiye na friji asijaribu kuilaza. Aanze kuchemsha Jumamosi saa 8 mchana, na mengine yabaki kama yalivyo.

Usiku huo huo chemsha ukwaju, ukamue, uchuje, utie sukari na uache upoe. Chambua bizari, maana huwa na vijiti na mchanga, kisha itwange pamoja na pilipili manga. Iliki, karafuu na mdalasini viache vizima.

Jumamosi: saa kwa saa

Saa 9 alasiri kaa na sinia uchambue mchele. Ukifanya kazi hii kwa haraka, jiwe moja litamkuta mgeni mwenye jino bovu. Menya viazi uviache ndani ya maji, katakata vitunguu, kuna nazi, kamua tui zito kando na tui jepesi kando. Saa 11 osha mchele mara tatu, uuchuje. Kama ni basmati uloweke dakika ishirini kabla ya kupika. Wa Kyela hauhitaji.

Saa 12 kasoro robo bandika sufuria nzito isiyopungua lita 8. Tia mafuta kama kikombe kimoja. Yakipata moto tia vitunguu, na hapa ndipo pilau inapopatikana au kukosekana. Vinachukua dakika kumi na tano hadi ishirini, ukikoroga bila kuondoka, mpaka viwe kahawia iliyokolea lakini havijawa vyeusi. Rangi ya pilau inatoka hapo. Wanaovitoa vikiwa vya manjano hulazimika baadaye kutafuta rangi kwenye nyanya au binzari ya unga. Najua bara wengi hutia nyanya na wanaipenda, ila kwangu nyanya inaifanya nzito na inafunika harufu ya bizari, kwa hiyo yangu inabaki kwenye kachumbari.

Tia saumu na tangawizi iliyobaki, koroga dakika moja, kisha mdalasini, iliki, karafuu na bizari yote. Vikaangike kidogo tu mpaka harufu ipande, kwa sababu bizari ikiungua inakuwa chungu na hakuna njia ya kuirekebisha. Mara moja tia nyama, igeuze ishike viungo, tia viazi, kaanga dakika tano zaidi.

Sasa pima supu. Kwa kila kikombe cha mchele tia kikombe kimoja na nusu cha supu kama mchele ni mpya, ukaribie viwili kama ni wa zamani. Kilo moja na nusu ni kama vikombe saba na nusu vya mililita 250, hivyo unahitaji supu lita tatu hivi. Ikipungua, jazia maji ya moto. Ikichemka, onja. Iwe imezidi chumvi kidogo kuliko supu unayoweza kunywa, kwa kuwa mchele utaichukua. Mimina mchele, sawazisha, funika nusu, moto wa wastani. Usikoroge.

Supu ikizama na vishimo vikaonekana juu ya mchele, geuza mara moja tu, mwiko ukianzia chini ukija juu, taratibu. Sawazisha, funika vizuri, punguza moto wa chini kabisa na palia makaa machache juu ya mfuniko. Ukitumia gesi, weka kikaango kizito cha chapati chini ya sufuria ili moto usipige sehemu moja, na zungushia mfuniko kitambaa kisafi kinywe mvuke, ncha zake uzikunje juu zisifikie moto. Dakika ishirini na tano. Huo ndio muda wako wa kuoga na kubadilisha nguo, na utauhitaji, maana harufu ya vitunguu hukaa kwenye nywele.

Ukirudi ukakuta punje za juu bado zina kiini kigumu, nyunyiza nusu kikombe cha supu ya moto, funika dakika kumi. Ukikuta maji bado yapo, ondoa mfuniko dakika tano kisha urudishe makaa. Ukisikia harufu ya kuungua, usikoroge hata kidogo. Hamishia wali wa juu kwenye sufuria nyingine, ukoko uuache chini. Ukoko usioungua sana wawekee watoto, wataugombania.

Mchicha unapikwa sasa, saa 1 na robo. Kaanga kitunguu kimoja ulichokiweka kando kwenye vile vya pilau, tia mchicha na tui jepesi, ukinywea tia tui zito na chumvi, koroga polepole mpaka lichemke kidogo, kisha epua. Ukiliacha tui zito lichemke kwa nguvu linakatika na kuwa mafuta.

Kachumbari ndiyo ya mwisho. Vitunguu vyembamba visugue na chumvi, vioshe maji mawili ili ukali utoke, changanya na nyanya, pilipili na ndimu. Chumvi yake itie wakati wa kupakua, vinginevyo saa 2 utakuta bakuli la maji.

Watu wakifika

Juisi na vikombe viwe mezani tayari, ili mgeni ajimiminie bila kukuita. Kwenye kunawa, mpe kijana wa nyumbani birika na beseni apite, akianzia kwa wakubwa. Watoto wadogo wapakuliwe mapema kidogo, kwani mtoto mwenye njaa saa 2 usiku hulia, na mama yake hatakula.

Kama wageni ni wa kuzoeana, tandika mkeka utoe masinia mawili, watu watano kila moja, nyama na viazi juu, kachumbari pembeni. Sinia linaleta maongezi kwa namna ambayo sahani haiwezi. Lakini kama kuna mkwe mgeni, au mzee mwenye magoti mabaya, meza na sahani ni heshima zaidi. Ukishapakua, kaa. Anayetaka kuongeza, sufuria iko pale. Mwambie dada au kaka yako mapema kwamba yeye ndiye atakayeongeza juisi.

Wali uliobaki usiulaze kwenye sufuria hadi asubuhi. Ndani ya saa mbili uwe umeshaingia friji, ukiwa umetandazwa kwenye chombo kipana upoe upesi. Wali wa vuguvugu huzalisha sumu ya bakteria ambayo kuupasha moto hakuiondoi, na baadhi ya zile "tumbo limechafuka baada ya shughuli" zinaanzia hapo. Njia iliyo bora zaidi ni kuwafungia wageni waondoke nao, wakiambiwa wautie friji wakifika.

Mtoko: kula nje bila kero

Siku nyingine hakuna wa kupika, au ni siku ya kumpongeza mtu. Kwanza amua aina ya mtoko, kwa kuwa mwaliko una maneno yake. Ukisema "njooni niwatoe", bili ni yako yote, pamoja na ya yule rafiki aliyekuja na mwenzake. Ukitaka kuchanga, sema tangu mwanzo: "tukutane, tuchange", na taja kiasi cha kila mtu. Rafiki ambaye mshahara haujaingia anastahili kujua hilo akiwa nyumbani, ambako anaweza kusema wiki hii hapana bila kuaibika.

Nyama choma ndiyo mtoko ninaoupenda kwa kundi kubwa, Nairobi, Arusha au Dar es Salaam, kwa sababu inaliwa kwa pamoja toka ubao mmoja. Ila ina utaratibu. Nyama inauzwa kwa kilo, na uzito ni wa nyama mbichi. Sehemu nyingi unaweza kwenda mwenyewe kaunta, ukachagua paja au mbavu, ikapimwa mbele yako. Fanya hivyo, usimtume mhudumu. Mbuzi mwenye mifupa, kadiria nusu kilo kwa mtu mzima, kwa kuwa mfupa na moto vitachukua sehemu kubwa. Watu wanane ni kilo nne, ugali na kachumbari juu yake. Kama kuna watoto au wazee, kata kilo moja ya hizo iwe kuku, au iwe mbuzi wa mchuzi, maana mbuzi choma anahitaji meno.

Mbuzi huchukua saa nzima motoni, na Jumapili mchana zaidi. Kwa hiyo mmoja wenu atangulie, au apige simu aagize nyama iwekwe motoni. Wengine mkifika anzeni na supu ya mifupa. Msipofanya hivi, watu watajaza matumbo kwa soda na chipsi, nyama itakuja hakuna anayeitaka, na wenye magari wataanza kutazama saa.

Mkiwa Unguja, jioni ya Forodhani ni mtoko wa gharama ndogo unaofaa familia yenye watoto. Meza za chakula hupangwa jua likizama, ndani ya bustani iliyokarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2009, na vijana hujirusha baharini toka ukutani huku watu wakishangilia. Zungukeni duru moja kwanza bila kununua. Angalieni ni meza gani wenyeji wamesimama, kwa sababu huko chakula kinatoka upesi na hakijakaa. Ulizeni bei ya kila kitu kabla ya kuchukua sahani, hasa kwenye mishkaki ya pweza na kamba, na mtake kirudishwe motoni mbele yenu mpaka kiwe moto hadi ndani. Urojo, Zanzibar pizza ya mayai na nyama, na bilauri ya juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi vinatosha. Watoto wakae upande wa bustani, mbali na ukingo wa maji.

Popote mlipo, agizeni kwa sauti ya mtu mmoja. Mhudumu anayepokea maagizo toka midomo minane atasahau matatu, na kosa si lake. Mtu huyo huyo ndiye ashike hesabu: aandike kwenye simu kilichoagizwa, bili ikija ailinganishe, aulize kama kodi na huduma vimo ndani ya bei, achukue risiti. Bili ikiwa na kosa, amwite mhudumu pembeni amwoneshe kwa upole.

Malipo yafanywe na mmoja kwa namba ya malipo ya mgahawa, na wengine wamtumie sehemu yao kwa M-Pesa au mtandao wowote kabla ya kuinuka kwenye viti. Nasisitiza kabla ya kuinuka. "Nitakutumia kesho" ya watu wanne ni deni ambalo aliyelipa ataona haya kulidai, na mtoko ujao hatakuja. Kumbukeni ada ya kutuma na chochote mnachotaka kumwachia mhudumu, vigawanywe navyo. Asiyekunywa pombe asichangie bia za wengine. Vinywaji vihesabiwe kwa mnywaji, chakula kigawanywe sawa.

Nyama ikibaki omba ifungwe, na ipeni kipaumbele cha kwenda kwa aliyeacha watoto nyumbani. Kisha hakikisheni nani anamsindikiza nani: bibi na watoto waitiwe teksi, aliyekunywa asiguse usukani wala bodaboda, na kila aliyeondoka peke yake aandike kwenye kundi akifika.